Viazi vya Kivuli cha Msimamizi

Jani la kwanza lilikuwa dogo kama ukucha wa mtoto. Binti wa jikoni aliliona akideki sakafu ya karakana ya ushonaji: limechipua kwenye saruji, ndani ya kivuli cha msimamizi, karibu na kisigino. Msimamizi aliposogea, nalo likasogea.

Kufikia Ijumaa lilikuwa kichaka. Ni kile kiazi mwitu kinachopenda kivuli, ambacho hulowekwa siku tatu na kubadilishiwa maji kila asubuhi ndipo kiliwe. Kikipikwa kabla ya hapo, kinaua.

"Bosi, umeshaota mizizi," fundi wa kola alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Sasa huhamishwi hapa mpaka waje na jembe."

"Shona," msimamizi alijibu. Kisha akamwita binti. "Chimba, ukapike. Chakula cha bure hakitupwi."

Binti alichimba, akamenya, akaloweka. Hakutulia. Aliacha sufuria akaenda kuchungulia ndoo, akarudi, akaenda tena. Ukutani alichora mstari mmoja kwa mkaa, kama shangazi yake alivyokuwa akichora kila alipobadilisha maji, maana shangazi kuandika hakujua.

Shangazi ndiye aliyekuwa mpishi hapo, na binti msaidizi wake. Mwaka jana aliloweka viazi kama hivyo kutoka msituni, akakuta mistari mitatu, akapika, na mshona vifungo akafa. Wakamfukuza. Tangu hapo hushinda kibarazani akihesabu vidole, akitafuta ni siku gani aliyoihesabu mara mbili.

Asubuhi ya pili binti alichora mstari wa pili. Adhuhuri msimamizi aliingia jikoni, majani yakiburuta nyuma yake, akaokota mkaa, akachora wa tatu, vilevile kama mwaka jana.

"Watu wana njaa," alisema.

Binti aliufuta kwa kiganja. Msimamizi akachora tena. Binti akafuta tena.

"Haya, wape mkate," msimamizi akasema, akarudi kwenye kiti chake cha siku zote, na kichaka kikamfuata.

Jioni shangazi alikuwa palepale kibarazani.

"Mbona hukai, mwanangu? Umekalia siafu?"

Kiganja cha binti kilikuwa bado cheusi. Mwaka mzima alikuwa ameyameza maneno haya.

"Shangazi, hukukosea kuhesabu. Mwaka jana mstari wa tatu alichora msimamizi. Nilimwona."

Shangazi alikitazama kile kiganja, kisha vidole vyake mwenyewe.

"Moja," alisema. "Mbili." Akaishia hapo.