Zamu ya Verna

Kila Jumatano, sisi akina mama wa kanisa dogo la hapa Duluth, Marekani, huketi kwa duara tukasoma Neno, kila mmoja aya moja. Verna ana disleksia. Herufi humchezea machoni. Kwa hiyo huhesabu viti mapema, akajua aya itakayomwangukia, akaikariri kimyakimya.

Jioni ile Arlene alichelewa, akajibana kwenye kiti kitupu kabla ya Verna, ambacho Verna hakukihesabu. Aya ya Verna ikawa ya Arlene. Zamu yake ilipofika, Verna akafumba macho kuomba, kisha akainuka kama anayekwenda chooni.

"Unanikimbia, mwenzangu?" nikamnong'oneza.

Akaketi tena. "Dada zangu, mimi kusoma kunanipa shida tangu utotoni. Mtaningoja?"

"Tukuharakishe twende wapi, na theluji yote hiyo nje?" Arlene akacheka. "Soma, mama."

Nikaweka karatasi chini ya mstari, kama tunavyofanya mimi naye kwenye darasa la kusoma la jioni, nikawa naishusha taratibu. Verna alisoma, akakwama, akarudia, akamaliza. Hakuna aliyemdakia neno.

"Amina!" tukaitikia.

Aya iliyofuata ilikuwa yangu. Verna akaishika karatasi. "Niachie na aya hiyo niisome," akasema.

Nikamwachia.