Pumzi za Kiti cha Nyuma

Mkufunzi wa marubani waliyempachika jina Chuma aliamka tumbo likimwendesha. Mkewe alimsihi asiruke. "Tumbo tu hili, mama," akasema, akatoka.

Mwanafunzi wake, binti aliyekuwa akijifunza kona kali, alimwona midomo imekauka.

"Afande, leo umepauka."

"Ndiyo rangi yangu. Vaa."

Walivaa suruali za kujaa hewa, zinazobana miguu ili damu isikimbilie chini. Lakini suruali peke yake haitoshi. Sharti rubani mwenyewe akaze mapaja na tumbo, azuie pumzi, aibadilishe upesi, azuie tena.

Angani, Chuma akasema kutoka kiti cha nyuma, "Nakuonyesha. Kaza!"

Akaikata kona. Uzito ukawashukia. Mashavu ya binti yalivutwa chini, mkono ukawa mfuko wa saruji. Rangi zikaanza kumtoka: taa nyekundu iliyokuwa mbele yake ikawa kijivu, kisha giza likamzingira, akabaki kuchungulia kama kwenye bomba. Akakaza hadi mapaja yakawaka moto. Masikioni alisikia pumzi za Chuma, fupi fupi, za kukoroma. Mara ikaja moja ndefu, kama ya mtu anayepitiwa na usingizi.

Kisha kimya.

"Afande?"

Pua ya ndege ikainama. Ardhi ikajaa kiooni.

"Afande!"

Akashika usukani, akanyoosha mabawa. Akivuta kwa nguvu, damu itamkimbia mwalimu tena, na yeye pia. Akivuta kidogo, watajichimbia kaburi. Akavuta taratibu, meno yakiumana, akiomba kimoyomoyo, mpaka mbingu ikarudi mbele yake.

Nyuma, miguu ya Chuma ilikuwa ikirusharusha mateke. Halafu sauti kama ya mlevi: "Mama watoto, nani kazima taa?"

Binti akacheka huku machozi yakimtoka. "Tuko angani, baba. Usiguse kitu."

"Nipe, nitatua mimi."

"Hapana! Mikono mapajani."

Chuma akatii kama mtoto.

Walipotua, Chuma alimwambia daktari ukweli wote, bila kuzungukazunguka: kwamba aliruka akiwa ameishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Akazuiwa kuruka hadi apone na apimwe upya. Binti alishindwa hata kufungua kofia yake kwa uchovu. Mikononi vilikuwa vimemtoka vidoadoa vyekundu kama upele, damu iliyovuja chini ya ngozi kwa uzito wa kona.

Wiki iliyofuata binti alipewa mkufunzi mwingine.

"Umekula? Umekunywa maji?" akamuuliza mkufunzi huyo.

"Nimekunywa, binti. Twende."

Binti akampa chupa ya maji hata hivyo, akasimama kando ya ndege mpaka alipomwona akimeza.