Mama wa Timu

“Wewe sasa utakuwa mama wa timu,” Mwalimu Githae, msimamizi wa michezo chuoni, alisema, akitabasamu kama mtu anayetoa zawadi. “Maji, jezi, kuwatuliza wasichana. Mambo ya ukocha mwachie Lenny. Huyo ametoka Nairobi, ana cheti.”

Naliaka hakuketi. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kiwandani, na vidole vilikuwa bado vinamwasha kwa maji ya mananasi ambayo hakuna sabuni inayoyamaliza. Kwa miaka sita alikuwa akitoka hivyo hivyo saa nane, akitembea kutoka Eneo la Viwanda la Thika hadi uwanja wa chuo. Asubuhi anamenya mananasi, jioni anafundisha mpira wa kikapu. Hakuna aliyewahi kumwajiri. Alianza kwa kusimama nje ya ua na kuwapigia kelele wasichana waliokuwa wakirusha mpira kama wanaotupa takataka, mpaka siku moja wakamwambia aingie basi, awaonyeshe. Mwaka jana timu hiyo ilipanda hadi daraja la kwanza.

“Cheti,” alisema.

“Usichukulie vibaya. Huko juu si mchezo wa mtaani, Naliaka.”

“Na goti la Ciku? Kesho hachezi. Daktari alisema apumzike wiki sita, nikiwa nimesimama hapo.”

“Hiyo ni kazi ya kocha,” Githae alisema, akarudi kwenye simu yake.

Nje, kwenye ubao wa matangazo, karatasi ilikuwa imebandikwa: MATARAJIO YA MSIMU. Naliaka aliisoma yote. Chuo kilitarajia kumaliza kati ya timu nne bora. Kocha Lenny alikuwa amejenga kikosi imara. Nahodha Ciku alikuwa amepona kabisa.

Amejenga! Lenny alikuwa na siku tisa tu pale chuoni. Nani alikwenda Ngoliba Jumapili mbili mfululizo, akakaa kwenye kigoda juani, akimweleza mzee mmoja mkaidi kwamba binti yake hakurefuka bure? Binti huyo sasa ndiye aliyekuwa nguzo ya timu chini ya kikapu, na kwenye karatasi walikuwa wamemwandika “Mbete.”

Alimwomba bawabu kalamu. Akakata Mbete, akaandika Mbithe, akaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.

Kesho yake alikwenda. Alijiambia hatakwenda, lakini mechi ya kujipima nguvu ilichezwa Ruiru, na kutoka nyumbani kwake Mwihoko hapakuwa mbali. Alibeba maji. Alizigawa jezi. Wasichana walimsalimia wakiangalia chini, kwa sababu walikuwa wameshasikia.

Ciku alianza mechi. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa bandeji mpya, nyeupe pepepe, ya kupendeza kwenye picha.

Robo ya kwanza ilipita. Katika robo ya pili Ciku aliruka, akashuka, akacheka. Hapo ndipo Naliaka alipoinuka kwenye benchi. Wengine waliona msichana anacheka. Yeye alikuwa na miaka mitatu ya kumjua Ciku, na alijua kwamba akiumia hucheka.

“Lenny, mtoe huyo msichana.”

Lenny hakugeuka. “Mama, tafadhali. Keti.”

“Mimi si mama yako. Mtoe.”

“Yuko fiti. Ameniambia mwenyewe.”

“Atakuambia nini na mmeshaandika kwa ubao kwamba amepona?”

Ciku aliruka tena. Safari hii alishukia mguu mmoja, na mpira ukamponyoka, ukabingirika polepole kuelekea kwenye benchi lao. Naliaka aliuokota. Mchezaji wa Ruiru alinyoosha mikono apewe aurushe kutoka nje. Naliaka akampita. Akatembea hadi kwenye duara la katikati, akauweka mpira chini, akaukalia.

Kwanza watu walicheka. Kisha filimbi ikalia, ikalia tena, na kicheko kikaisha.

“Goti la huyu mtoto halijapona,” Naliaka alisema. “Atoke yeye kwanza. Mimi nitafuata.”

Refa, mama mnene mwenye mvi, hakubishana. Alimwendea Ciku, akainama, akabonyeza kando ya bandeji kwa kidole gumba. Ciku alipiga ukelele.

“Huyu hachezi kwa mechi yangu,” refa alisema.

Githae alikuwa ameshatoka kwa watazamaji hadi pale katikati, jasho likimtiririka. “Ngai, Mungu wangu! Unatuaibisha mbele ya wenyeji! Goti gani? Huo ni wivu tu. Umenyimwa kiti, unataka kuvunja nyumba.”

Neno hilo lilimpata mahali palipokuwa wazi. Halikuwa uongo mtupu. Alipoinuka pale kwenye benchi, je, aliona goti kwanza, au aliona kwanza mgongo wa yule kijana, umesimama mahali pake? Hakujua. Angetaka kujua.

“Nenda,” Githae alisema. “Na uvue hiyo fulana ya chuo.”

“Hii nilinunua mwenyewe sokoni. Hata hayo maandishi nililipia mwenyewe. Jina la chuo chako, Mwalimu, nimelibeba kifuani miaka sita, na hujawahi kuniuliza nimelitoa wapi.”

Akatoka. Alipofika langoni aligeuka. Mbithe alikuwa amesimama chini ya kikapu, mikono kiunoni, akimtazama. Lenny alipiga makofi, akaita jina lake mara mbili. Mbithe akageuka, akaendelea kucheza.

Naliaka aliketi juu ya ukuta mfupi kando ya barabara. Muda si mrefu Ciku alitoka, akichechemea, begi begani.

“Umeniharibia,” Ciku alisema. “Unajua mimi nasoma na nini? Hiyo timu ndiyo karo yangu. Nisipocheza hii season wananitoa. Hiyo uliifikiria, Kocha?”

“Nilifikiria goti.”

“Si goti lako!”

Alilia kwa hasira, mdomo wazi, kama mtoto mdogo. Kisha akaketi mwisho kabisa wa ukuta, mbali na Naliaka, akaifungua ile bandeji kwa kuivuta. Goti lilikuwa limefura kama mkate.

Naliaka alivuka barabara hadi kwenye kibanda kilichouza maziwa na soda, akarudi na pakiti ya maji iliyoganda. Akaiweka ukutani kati yao.

“Sijakusamehe,” Ciku alisema.

“Sijakuomba.”

Jua lilikuwa kali. Barafu ilianza kutoa jasho, doa la maji likatanuka juu ya saruji. Ciku aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuza uso, akaichukua, akaikandamiza kwenye goti, akavuta pumzi kwa meno.

Ndani ya ua watu walipiga kelele. Mtu alikuwa amefunga, haikujulikana wa upande gani. Hakuna aliyegeuka kati yao. Maji yalikuwa yakishuka kwenye mguu wa Ciku, mstari mwembamba, yakiingia ndani ya soksi.