Komeo la Nje

Alhamisi saa tisa alasiri, seremala na mkewe walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya mshauri wa ndoa. Mke alikuwa na begi. Mambo yakishindikana leo, angetoka hapo moja kwa moja hadi kwa dada yake.

"Miaka tisa nabisha hodi," alisema. "Huyu bwana amejifungia."

Hakutia chumvi. Seremala alikuwa na mlango kifuani, wa mbao ngumu, ukubwa wa daftari, na alikuwa nao tangu utotoni. Kila walipogombana mke aliugonga mpaka vidole vikavimba, naye mume akatulia tuli kama maji mtungini, kisha akaenda karakana kukaza makomeo ya watu. Aliyakaza kwa skrubu tatu badala ya nne. Wateja walimtania: "Fundi, ya nne umeila?"

Mshauri, mama wa makamo, alimwomba afungue vifungo vya shati. Nani mwenye makosa, hakuuliza.

"Akikunyamazia, mwanangu, unahisi nini?" alimuuliza mke.

"Hasira."

"Na chini ya hasira?"

"Naogopa. Naona kama sina mtu."

Seremala aliinua kichwa. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Sasa utazame huo mlango. Usiugonge."

Mke aliinama, akashika mdomo. Komeo lilikuwa upande wa nje, limeshika kutu.

"Nani alikufungia?" mshauri alimuuliza seremala.

"Mama," alisema seremala, kama anayetaja vipimo vya kabati. "Nililia sana. Akasema nikinyamaza atakuja kunifungulia."

Mlango mke alishauzoea; kilichomshtua ni ile miaka tisa ya kugonga mahali ambapo angeweza kufungua mwenyewe. Alivuta komeo. Kilio cha mtoto wa miaka mitano kilitoka mle, kirefu, na mshauri akawasogezea karatasi za kufutia machozi.

"Usiende," seremala alisema kilio kilipoisha.

Mke alilisukuma begi chini ya kiti.

Walirudi nyumbani wameshikana mikono, majirani wakasema yao. Binti yao wa miaka saba alikuwa mezani na hesabu za shule. Ni mtoto mtulivu. Wageni humsifu kwa hilo. Alisimama akawaamkia, na mama akaona kitu kimetuna chini ya sare. Akafungua kifungo kimoja.

Komeo lilikuwa jipya, linang'aa. Skrubu tatu, tundu la nne wazi.

Seremala aliitambua kazi ya mkono wake. Akakaa sakafuni.

"Lini?" aliuliza mama.

"Siku ile mnagombana. Baba alisema ninyamaze, na wewe mama ukasema nimsikilize baba."

Seremala alinyoosha mkono kuvuta komeo. Binti aliushika ule mkono, akaurudisha taratibu mapajani mwa baba yake.

"Acha tu, baba. Nimeshazoea."

Akafunga kifungo, akaendelea na hesabu, maana mwalimu alizitaka kesho.