Nati za Alhamisi

Ujumbe ulimkuta Saida kwenye taa za barabarani za Jules Street, zile Wasauzi wanazoziita roboti, saa mbili kasorobo asubuhi, akisubiri kuvuka kwenda kazini. Ulitoka kwa mdogo wake Bakiri, aliyeko Tanga. "Mama ametutoka alfajiri, dada. Tunazika baada ya swala ya adhuhuri."

Aliusoma mara mbili. Taa ikawaka kijani, watu wakavuka, naye akavuka nao.

Hata kama angekuwa na nauli ya ndege mkononi asingewahi. Na karatasi zake za kuishi nchini zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akivuka mpaka, kurudi hakuna. Hayo aliyajua bila kuyafikiria. Alifungua kufuli la karakana, akavua mtandio wa baridi, akakaa kwenye kiti chake.

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vyombo vya muziki pale Malvern. Walitengeneza pedali za gitaa, vile visanduku vya aluminiamu ambavyo mpiga gitaa hukanyaga kwa mguu ili sauti ikwaruze au irefuke. Mwenye karakana aliitwa Thabo. Alizaliwa Morogoro, baba yake Msauzi aliyekuwa uhamishoni, mama yake Mngoni wa Songea, kwa hiyo yeye na Saida waliongea Kiswahili chenye Kizulu kingi upande wa Thabo.

Mezani zilimsubiri pedali thelathini. Kesho yake zilitakiwa Midrand, kwa mteja ambaye mwezi uliopita alirudisha kumi na sita kwa sababu moja: nati zilikuwa zimelegea. Nati ikilegea, tundu la kuchomekea waya huzunguka ndani ya kisanduku, nyaya zinajisokota mpaka zinakatika. Thabo alilaumu washa, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya nati. Saida alijua kosa ni la soketi, kile kichwa cha spana kinachovaa nati. Soketi za dukani midomo yake hupanuliwa kidogo kwa ndani ili zivae upesi nati nene za magari. Nati za pedali ni nyembamba kama sarafu. Soketi huzishika kwa ncha tu, inateleza, inachubua rangi, na mfungaji anaogopa kuikaza.

Basi akawasha grenda. Akaanza na soketi namba kumi, akisaga mdomo wake polepole, akiichovya kwenye kopo la maji kila mara isije ikapata moto na chuma kikapoteza ugumu. Alipomaliza aliisimamisha juu ya kipande cha kioo. Ikasimama wima, haitikisiki. Akaipitisha msasa, akaipaka oili kidogo ya cherehani isishike kutu, akaizungushia tepu mdomoni isikwaruze rangi. Akafanya vivyo hivyo kwa namba kumi na tatu na namba kumi na nne. Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine anayefanya kazi vizuri.

Tanga wako mbele kwa saa moja. Saa saba kasoro za huku, simu iliita.

"Tumeshampumzisha," alisema Bakiri. "Watu walikuwa wengi, dada. Mpaka barabarani."

"Nani alimwosha?"

"Bi Mwanaasha na wenzake."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Maji gani?"

"Ya kumwoshea. Mama hapendi maji baridi."

Nyuma ya Bakiri ilisikika sauti ya mtu akiomba viti. "Sikuingia, dada. Kule ni kwenu wanawake."

Kwenu. Saida alikata simu akampigia Bi Mwanaasha, jirani yao wa miaka yote. Akamwamkia, akapewa pole, akauliza lile lile.

"Vuguvugu, mwanangu," Bi Mwanaasha alijibu taratibu. "Niliyajaribu kwa kiwiko. Kama ya mtoto mchanga."

"Ahsante, Bi Mwanaasha."

Alingoja kilio. Alikaa na simu mapajani akakingoja kama mtu anayengoja chafya. Hakikuja. Akashika pedali ya kwanza.

Aliziingiza nati kwa vidole kwanza, kisha akashika tundu kwa ndani ili lisizunguke, halafu soketi, robo mzunguko, basi. Nati tano kwa kila pedali. Alipofika ya thelathini akarudi ya kwanza, akailegeza, akaifunga upya.

Thabo alimkuta hapo saa tisa.

"Dada Saida, hizi si zimeisha?"

"Nahakikisha."

"Unalegeza, dada. Nakuona. Kuna nini?"

"Mama amezikwa leo," alisema Saida, kwa sauti ile ile ambayo angesema gundi imekwisha.

"Eish." Thabo alizima redio. "Leo? Na uko hapa? Nenda nyumbani, tafadhali."

Saida alikiona chumba chake cha Bellevue, ukuta wa mbao nyembamba, televisheni ya jirani. "Nyumbani kuna nini, kaka Thabo? Niache nimalize."

Thabo akampigia mama yake. Nusu saa baadaye Mama Hedwiga aliingia na chupa ya chai ya tangawizi, akihema, maana alitembea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole, mwanangu." Alivuta kiti akakaa karibu yake. Hakumkumbatia. "Hujalia?"

"Sijui kwa nini sijalia. Nina roho mbaya?"

"Mama yangu alizikwa Songea mimi nikiwa hapa. Nilipata habari baada ya siku tisa. Nikapika, nikafua, nikaenda kazini. Nililia mwaka uliofuata, ndani ya teksi, kisa nimepoteza mwavuli." Alimimina chai. "Kunywa. Halafu nionyeshe mimi nifanye nini."

Saida alimwonyesha. Mama Hedwiga akawa anapanga washa, Saida anakaza, mpaka saa kumi na moja. Pedali zilipakiwa zote. Hakuna hata moja iliyorudi.

Jumapili wanawake wa msikitini, wengi wao wa Tanga na Unguja, walikuja kumsomea marehemu hitima nyumbani kwa Mama Hedwiga, ambaye aliwatolea sebule yake na kuwafulia mashuka ya kutandika. Kabla ya dua, Samira, aliyekuwa anasoma, alimgeukia Saida.

"Jina la mama?"

Saida alihitaji kufikiri. Maisha yote alikuwa Mama tu.

"Mwanahamisi binti Sefu," alisema.

Jina lilisomwa, wanawake wakaitikia amina. Kisha mtu akaulizia sukari, na Saida akainuka kwenda kuileta.