Kibakuli Kilicholika

Mimi Kawira sipendi uchafu, na sitaomba radhi kwa hilo. Ndiyo maana mwaka 2010, nilipoanza kazi ya utafiti wa betri hapa Doha, kitu cha kwanza kuniudhi kilikuwa kibakuli cha Cyrus.

Cyrus alikuwa fundi wetu wa tanuri, Mkenya mwenzangu kutoka Bungoma, aliyetokea karakana ya vigae katika mtaa wa viwanda wa Doha, Industrial Area. Tulikuwa tunatengeneza vidonge vya kauri vyenye lithiamu. Tulitaka vikae ndani ya betri badala ya yale majimaji yanayoshika moto, na shida ilikuwa moja tu: ioni za lithiamu, zile chembe zinazobeba umeme, zilipita ndani ya kauri kwa kusuasua. Vidonge alivyochoma Cyrus vilizipitisha vizuri, kiasi cha kumfanya mkuu wetu, Daktari Hamdan, atembee akipiga mluzi.

Lakini alivichomea katika kibakuli kile kile cha kauri ya alumini kila siku, kimebadilika rangi na kumong'onyoka.

"Madam, kinalika ndani," aliniambia asubuhi moja, akinionyesha kwa kidole. "Mwezi jana shimo lilikuwa saizi ya mtama. Saa hii ni ya mahindi. Hiyo imelika imeenda wapi? Mimi naona imeingia kwa vidonge, na ndio inazisaidia."

Nilicheka. Nilikuwa na shahada mbili, yeye alikuwa na cheti cha vigae. "Wewe choma tu, Cyrus. Kufikiri niachie mimi."

Nikaagiza vibakuli vya platinamu, ambavyo haviliki ovyo. Kile cha zamani nilikitupa mwenyewe.

Vidonge vya kwanza vilivyotoka kwenye platinamu nilivipima mara tatu, kwa sababu sikuiamini mashine. Upitishaji wa ioni ulikuwa umeshuka mara mia. Vya pili vilikuwa vile vile. Vya tatu vilipasukia mkononi mwangu. Unga ulikuwa ule ule, joto lile lile, saa zile zile. Nilitafuta kilichobadilika nikamwona mtu mmoja tu, aliyekuwa amenuna tangu nitupe kibakuli chake. Nikamwandikia Daktari kwamba Cyrus anaharibu kazi makusudi.

Sikutarajia mambo yaende mbio vile. Niliandika Jumapili, Jumatatu visa yake ikafutwa, na Alhamisi ndiyo ikawa siku ya ndege ya kumrudisha nyumbani. Mkewe, Roselyne, alikuwa amefika Doha wiki tano tu kabla ya hapo kufanya usafi katika hoteli moja ya West Bay, baada ya miaka minne ya kuonana na mumewe kwa simu. Yeye angebaki. Cyrus hakunigombeza. Alisimama mlangoni akasema, "Madam, sikuharibu kitu." Nikajifanya nasoma.

Jumatano saa nne asubuhi yakafika majibu ya vile vidonge vizuri vya zamani, ambavyo tulikuwa tumevipeleka maabara nyingine vichunguzwe vina nini ndani. Nikasoma orodha: lithiamu, lanthani, zirkoni, oksijeni, alumini.

Alumini? Hakuna aliyeitia. Nilirudia mstari ule mpaka macho yakaniuma. Isingeweza kutoka popote ila kwenye kibakuli. Kila tulipochoma, kibakuli kililika kidogo, alumini yake ikaingia kwenye vidonge na kuvishikilia katika umbo linaloruhusu ioni kupita bila kukwama. Platinamu yangu safi haikuwa na cha kuvipa. Yule mtu alikuwa ameniambia yote haya, kwa maneno mepesi, tena kwa kunionyesha.

Nikampigia Daktari. Nilijua la kusema: Cyrus hakuharibu, Cyrus ndiye aliyegundua, mzuieni asiondoke. Ndege ilikuwa kesho, muda ulikuwepo. Nikaanza na alumini kwa kuwa ndiyo ilikuwa rahisi. Nikaeleza kibakuli, nikaeleza mashimo.

Daktari akacheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kawira, hiki ndicho tulichokitafuta miaka mitatu. Tunaandika makala, na jina lako ndilo la kwanza. Umegunduaje?"

Jibu lilikuwa jina moja tu.

"Nilikuwa nakiangalia kile kibakuli kila siku," nilisema, "nikaona kinalika."

Nilishtuka kuisikia sauti yangu, imetulia kabisa. Nilingoja nijisahihishe. Daktari alinipongeza akakata simu, na mimi bado nangoja.

Saa saba mchana Roselyne akanipigia. Hatukuwahi kuzungumza kabla ya siku hiyo.

"Dada Kawira, pole kukusumbua. Cyrus anasema hana chuki na wewe. Anasema wewe ndiye unaelewa hiyo kazi, ukiangalia vizuri utaona hakuharibu. Tafadhali, ongea na Daktari."

"Nimeshaongea naye," nikamwambia.

Akanishukuru, akaniombea baraka, akasema anaenda kumwambia Cyrus aache kufunga mizigo.