Mzigo wa Saturnina

Katika hospitali ndogo ya milimani Potosí, Nesi Primitiva alimweleza Casimiro taratibu: "Kizazi cha mkeo kilishuka, tumekirudisha kwa upasuaji. Akibeba mzigo, kitashuka tena. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, nesi."

Mlangoni lilingoja gunia la viazi alivyonunua Casimiro sokoni. Saturnina, mshono bado mbichi, alitandaza kitambaa chake cha kubebea mizigo mgongoni, akachutama kulifunga gunia.

"We mwanaume, huna haya?" nesi alifoka.

"Kwani sijali? Si nimepunguza viazi!"

Saturnina alikaza fundo kifuani. "Mwache, nesi. Akibeba yeye, kijiji kizima kitamcheka."

Wakashika njia ya mlimani, Casimiro mbele, mikono mitupu.

Nesi akamgeukia mhudumu aliyekuwa akibadilisha shuka. "Kitanda hicho usimpe mtu. Mwenyewe atarudi."